Dhyan Chand: Mfalme wa magongo wa timu isiyo na nauli

Desemba 1947 meli kutoka Bombay ilitia nanga Mombasa ikiwa na timu ya magongo ya India. Wahindi wa huku Afrika Mashariki walioialika walikuwa wametoa sharti moja: kama Dhyan Chand hayupo, hata msijisumbue kuja. Jamaa alikuwa na miaka 42, umri ambao wengi hukaa kwa sofa wakikosoa vijana. Yeye alishuka, akashika gongo lake, na ziara ilipoisha alikuwa amefunga mabao 61.

Alizaliwa Allahabad tarehe 29 Agosti 1905, baba yake mwanajeshi, naye akaingia jeshi la Waingereza akiwa na miaka 17. Jina la kuzaliwa lilikuwa Dhyan Singh. Uwanja haukuwa na taa, kwa hivyo akitoka zamu alingoja mwezi utoke ndipo afanye mazoezi. Wenzake wakambandika Chand, yaani mwezi. Mpira ulikuwa unamganda hivi kwamba kuna stori kuwa Waholanzi waliwahi kuvunja gongo lake watafute sumaku ndani. Hiyo nadhani imetiwa chumvi, lakini mchezaji wa kawaida hatungiwi stori kama hiyo.

Sasa timu yake ndiyo ilikuwa ngori. Mwaka 1928 wakiondoka Bombay kwenda Olimpiki ya Amsterdam, waliokuja kuwaaga walikuwa watu watatu. Watatu, bana! Kabla ya fainali nahodha Jaipal Singh, aliyekuwa akisoma Oxford, alikuwa ashaachana na timu. Wachezaji kadhaa walikuwa wagonjwa, Dhyan Chand mwenyewe akiwemo. Waliingia hivyo hivyo, wakaifunga Uholanzi 3-0. Mashindano yote hawakufungwa hata bao moja, na yeye peke yake alifunga 14.

Ungedhani baada ya hapo mambo yangenyooka. Wapi! Mwaka 1932 pesa hazikuwepo tena, ikabidi timu icheze mechi za kirafiki njiani ndiyo ipate za kujikimu. Los Angeles waliichapa Marekani 24-1. Mdogo wake, Roop Singh, alifunga 10, yeye 8. Na jeshi lilikuwa limemnyima ruhusa ya kwenda majaribio ya kuchagua timu, ikabidi achaguliwe bila kuonekana. Mwaka 1936 wakamnyima tena, akachaguliwa tena.

Hiyo ya 1936, Berlin, ndiyo yenyewe. Safari hii alikuwa nahodha. Walipofika tu, Wajerumani wakawachapa 4-1 kwenye mechi ya mazoezi. Simu ya upepo ikapigwa nyumbani haraka: tuleteeni Dara. Ali Dara, mwanajeshi mwingine, akaletwa kwa ndege na kufika kabla ya nusu fainali. Ufaransa ikala kumi.

Fainali ikawa dhidi ya Ujerumani wale wale. Mvua ilinyesha, mechi ikasogezwa hadi tarehe 15 Agosti. Kwa chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na hofu. Kumbuka hawa walikuwa wanacheza chini ya bendera ya Mwingereza. Pankaj Gupta, mmoja wa viongozi wa timu, akatoa bendera ya chama cha Congress aliyokuwa ameificha. Wachezaji, Wahindu kwa Waislamu, wakaipigia saluti kimyakimya, kisha wakatoka.

Kufikia mapumziko ilikuwa 1-0 tu, uwanja umeloa na watu wanateleza. Dhyan Chand akavua viatu vyake vya meno ili apate kasi. Ikaisha 8-1.

Miaka kumi na moja baadaye, tarehe hiyo hiyo, India ikapata uhuru na ikagawanywa. Timu nayo ikapasuka. Dara, yule aliyeletwa kwa ndege kuokoa jahazi, mwaka 1948 alikwenda Olimpiki ya London akiwa nahodha wa Pakistan. Dhyan Chand hakwenda kabisa. Alirudi kutoka ziara ya huku kwetu akaanza kuachilia gongo pole pole. Hata hivyo damu yake ilikutana nasi tena: mwanawe, Ashok Kumar, alikuwa kwenye kikosi cha India kilichoipiku Kenya 2-1 kuwania nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971.

Jeshini alistaafu 1956 akiwa meja, serikali ikampa nishani ya Padma Bhushan. Nishani haikujaza mfuko. Mwaka 1979 aliugua saratani ya ini, na alipopelekwa hospitali Delhi, huyu mwenye dhahabu tatu za Olimpiki alilazwa kwenye wodi ya watu wote. Alifariki tarehe 3 Desemba. Mwili wake ulichomwa Jhansi, kwenye uwanja wa Jhansi Heroes, klabu aliyoichezea ujanani, na wanajeshi wa kikosi chake wakampigia saluti.