Vilhelm Hammershøi, muchoraji wa nyumba ya kimya

Kuko picha moja: chumba kisicho na pazia, kuta za kijivu, na mwanamuke wa nguo nyeusi amesimama akitupa mugongo. Basi. Wengi wakiiona mara ya kwanza wanajiuliza: ni hii tu? Aliyechora picha za namna hii, makumi kwa makumi, aliitwa Vilhelm Hammershøi, mwana inchi wa Danemark.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 15 mwezi wa tano 1864, baba yake akiwa mufanya biashara. Mama yake, Frederikke, ndiye alimuona mapema. Mutoto alikuwa na miaka nane tu na tayari mama alikuwa amemutafutia mwalimu wa kuchora. Baadaye kila gazeti likiandika juu ya mwanae, mama alikata kile kipande na kukiweka. Alifanya vile miaka na miaka.

Mumoja kati ya walimu wake, Krøyer, muchoraji mwenye jina kubwa, hakuelewa vizuri kijana huyu anatafuta nini. Lakini aliona kwamba atakuwa mutu wa maana, akaamua kutomugeuza. Walimu wa hivyo si wengi.

Mwaka 1885 Vilhelm alichora dada yake Anna, akiwa amekaa tu, rangi zimefifia, na akaipeleka picha kwenye shindano. Wakubwa wa sanaa waliikataa. Wachoraji wenzake walikasirika na kuandika malalamiko. Miaka mitatu nyuma yake, picha ingine ya Anna, safari hii akishona, nayo ilikataliwa kwenye maonyesho makubwa ya inchi. Ndipo wachoraji waliochoka na wakubwa hao walianzisha maonyesho yao wenyewe, mwaka 1891, na Vilhelm alikuwa ndani. Angeweza kubadilisha rangi ili akubaliwe. Hakubadilisha.

Mwaka ule ule alioa Ida Ilsted, dada ya muchoraji mwenzake. Ida ndiye ule mwanamuke wa mugongo. Toka 1898 mpaka 1909 walipanga katika nyumba ya zamani, barabara ya Strandgade namba 30, na ndani mule Vilhelm alichora picha zaidi ya 60. Dirisha lile lile, milango ile ile nyeupe, meza ile ile. Siku ingine Ida ameshika sahani, siku ingine anasoma barua, siku ingine hayuko kabisa, imebaki mwangaza wa jua sakafuni. Sisi tuliozoea salon yenye viti vingi na kalenda ukutani, tunaweza kufikiri watu hawa walikuwa katika kuhama! Hapana, alikuwa anaondoa vitu makusudi.

Alikuwa mutu wa maneno kidogo sana. Mwaka 1904 mwandishi wa mashairi Rilke alifika Copenhagen na wazo la kuandika juu yake. Walionana, lakini maandishi yale hayakutoka kamwe. Aliyemusaidia zaidi ni munganga wa meno, Alfred Bramsen, ambaye alinunua picha zake nyingi na kuzitembeza inchi za inje. Mwaka 1911 alipata zawadi kubwa kule Roma.

Mama yake alikufa 1914. Kansa ya koo ilikuwa imemushika mwenyewe pia, na tarehe 13 mwezi wa pili 1916 ilimumaliza, akiwa na miaka 51. Hawakuzaa mutoto na Ida.

Kisha kifo, watu walimusahau. Miaka mingi picha zake zilionekana kuwa za zamani, za huzuni, watu wakipenda rangi kali za wachoraji wapya. Ida aliishi mpaka 1949. Hakuona mwaka 2023, siku ile picha ya chumba chao cha muziki, pale pale Strandgade 30, iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9. Nyumba yenyewe walikuwa wapangaji tu.