Temu, mizunguko 25 na stopwachi ya Mukendo

MUSOMA. Jioni ukipita Uwanja wa Karume au viwanja vya mtaani hapa mjini, picha ni ileile. Vijana wanazunguka uwanja, kocha kasimama pembeni na simu mkononi. Mazoezi yakiisha anatangaza kwamba fulani yuko fiti na fulani bado. Ukimuuliza amejuaje, anacheka tu.

Sasa vijiwe vya Mukendo vimepata mjadala mpya. Wadau wanataka kuchanga wanunue kifaa cha kupimia mizunguko. Wapo wanaotaka saa ya setilaiti ya mkononi. Wapo waliowaona wachezaji wa Ulaya na vile vifulana vyenye kifaa mgongoni, nao wanataka hivyohivyo. Wazee wanasema stopwachi ya kawaida inatosha.

Kabla hamjatoa hela, nawaomba mumkumbuke jirani yetu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita: Naftali Temu.

KIJANA WA JIRANI

Toka Musoma, pita Tarime, vuka mpaka pale Sirari, endelea na barabara ya Migori, na utaingia nchi ya Wakisii. Huko ndiko kwao Temu. Alizaliwa mwaka 1945, akakua, akajiunga na Jeshi la Kenya, na mbio zake zikakomalia jeshini kama ilivyokuwa kwa wanariadha wengi wa wakati ule.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 19 tu, alipelekwa Olimpiki ya Tokyo kukimbia marathoni. Akamaliza wa 49. Kwa matokeo hayo wengi wangemfuta kwenye daftari.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, alikuwa Kingston, Jamaica, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio zilikuwa za maili sita, na mpinzani wake alikuwa Ron Clarke wa Australia. Huyu Clarke hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka mmoja kabla, kule Oslo, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Gawanya kwa mizunguko 25 ya mita 400, unapata wastani wa sekunde 66.4 kila mzunguko. Kwa miaka ile ilikuwa balaa.

Temu akamwacha Clarke, tena mbali, akashinda kwa dakika 27 na sekunde 14.6. Kwa mizunguko 24 ya maili sita, ni wastani wa sekunde 68 hivi. Na Kingston iko pembeni ya bahari. Shikilia hilo, tutalirudia.

OKTOBA 13, 1968

Watanzania wengi tunaijua Olimpiki ya Mexico City kwa sababu ya John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni akiwa na jeraha gotini. Siku saba kabla ya marathoni ile ilipigwa fainali ya mita 10,000, na humo ndimo Temu alimoandika historia.

Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa Musoma, pamoja na upepo wetu wa ziwani, tuko karibu mita 1,140. Juu kule hewa ni nyepesi, na mtu wa mbio ndefu anaanza kutafuta pumzi mapema. Kipchoge Keino naye alikuwemo, lakini maumivu ya tumbo yalimtoa nje zikiwa zimebaki raundi chache.

Wakakimbia taratibu wakitegeana, kisha mwishoni kasi ikapanda. Clarke akaanza kuachwa. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Mamo Wolde wa Ethiopia akachomoka. Temu hakupaniki. Akamfuata, akamkaribia, na kwenye nyoosho la mwisho akampita. Temu dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde sekunde 0.6 nyuma yake, Mohamed Gammoudi wa Tunisia wa tatu. Jukwaa zima Waafrika. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka, akapewa oksijeni.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika historia ya Olimpiki. Siku chache baadaye Temu akaongeza shaba ya mita 5,000, kisha akaingia tena barabarani kwenye marathoni ileile ya Akhwari, akawa wa 19. Aliyeshinda marathoni hiyo alikuwa Wolde.

NAMBA ZINAPOTETEA MTU

Sasa chukua kikokotoo. Muda wa ushindi wa Temu ukiugawa kwa 25 unapata sekunde 70.7 kila mzunguko. Ni sekunde zaidi ya nne nyuma ya wastani wa rekodi ya Clarke, kwa kila raundi! Mtu aliyeshika namba ya mwisho peke yake atasema bingwa huyu alikuwa mzito. Tangu Olimpiki ya 1948 hakuna aliyekuwa ameshinda mbio hizo kwa muda mrefu kiasi hicho.

Wapo pia waliodai kwamba dhahabu ile ilitolewa na mlima, kwamba chini usawa wa bahari Temu asingemweza Clarke. Ndipo Kingston inaposimama kumtetea. Muda wake wa 1966 uliandikwa, mahali palijulikana, mpinzani alijulikana. Bila kumbukumbu ile, maneno ya vijiweni yangemla mzimamzima.

Hilo ndilo la kuwaza mnapochagua kifaa. Msitafute chenye mbwembwe. Tafuteni kinachotunza kumbukumbu.

Stopwachi ya kawaida yenye kitufe cha mzunguko na kumbukumbu ya mizunguko kumi na kitu inatosha kabisa. Hakikisheni kioo kinasomeka juani, vitufe vinabonyezeka kwa kidole chenye jasho, na betri inapatikana dukani. Hata simu ya kocha ina kitufe hicho, tatizo hakitumiki. Saa ya setilaiti ni nzuri barabarani, kwa mfano ukikimbia kuelekea Bunda, ila kwenye kuzunguka uwanja mdogo inaweza kukata kona na kukudanganya umbali. Wenzetu wa magari na pikipiki wana vifaa vya setilaiti vinavyojirekodi kila wanapopita mstari, lakini wao wanakwenda kasi ambayo kidole hakiiwezi.

Na pimeni uwanja wenyewe. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ukizungukwa kwenye mistari ni mita 346, siyo 400.

Kwa nini kila mzunguko uandikwe? Chukua vijana wawili waliokimbia raundi sita, wote kwa dakika 9 na nusu. Wa kwanza kila raundi kapiga sekunde 95. Wa pili kaanza na 80, ikaja 85, 95, 100, akamalizia 105 mbili. Jumla ni moja, wachezaji ni wawili tofauti kabisa. Dakika ya 80 mnaongoza bao moja, unambakiza nani uwanjani?

Pembeni ya namba andikeni tarehe, saa, jua au mvua, na hali ya uwanja. Mexico City imetufundisha kwamba sekunde bila mazingira yake ni uongo nusu.

DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Temu alirudi Olimpiki ya Munich mwaka 1972, lakini miguu haikuwa ile tena na hakufika fainali. Akafariki Machi 10, 2003 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 57. Leo kijana wa Mara akitaka kujua jirani yake alikimbia vipi, namba zipo zinamsubiri.

Swali ni vijana wetu. Nimekaa pembeni ya viwanja vya mji huu nikaona miguu ambayo ingeweza kufika mbali, ikapotea kwa sababu siku wasaka vipaji walipokuja hakukuwa na hata karatasi moja ya kuwaonyesha. Stopwachi mtanunua moja. Daftari nunueni mawili.