Ahmad ibn Majid: Mwalimu wa Nyota na Bahari

Jina la Ahmad ibn Majid si geni kwa wasomaji wa historia ya pwani. Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa kisa kimoja tu: kwamba mwaka 1498 alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India.

Ibn Majid alizaliwa Julfar, pwani ya Ghuba, katika karne ya 15. Babu na baba yake walikuwa marubani wa vyombo. Alirithi elimu yao, akaipima baharini na kuisahihisha. Mwaka 1462 alikamilisha Hawiya, utungo mrefu wa kishairi kuhusu elimu ya bahari. Yapata mwaka 1490 akamaliza Kitab al-Fawaid kwa nathari.

Marubani wa zama zake walipima kimo cha nyota kwa vibao, kipimo chao kikiwa kidole. Nyota kuu ilikuwa Jaa, jina ambalo Kiswahili kimelihifadhi kwa maana ya kaskazini. Lakini Jaa hushuka kadiri chombo kinavyoelekea kusini. Atazamaye mbingu akiwa Kianjai, Meru, karibu kabisa na ikweta, huikosa, kwa kuwa imelala kwenye upeo wa macho. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabaharia waliopita Mogadishu wakielekea Kilwa na Sofala. Ibn Majid aliwafunza kutumia nyota nyingine zilizosalia juu.

Je, ndiye aliyemwongoza Mreno? Dai hilo lilitoka kwa al-Nahrawali, mwandishi wa karne ya 16, aliyedai pia kwamba rubani huyo alikuwa amelewa. Wanahistoria wa Kireno walimtaja Mgujarati aliyeitwa Malemo Cana. Malemo si jina bali ni cheo: ni muallim, mjuzi wa njia za bahari, neno lenye asili moja na mwalimu wetu. Wataalamu wengi wa sasa wanalikataa dai hilo.

Utungo wake wa mwisho unaojulikana ni wa takriban mwaka 1500. Miswada yake imehifadhiwa Paris na St Petersburg; huko St Petersburg umo utungo kuhusu njia ya Sofala, uliochapishwa mwaka 1957. Shutuma ya usaliti ilitungwa na wengine baada yake. Elimu ya nyota aliiandika mwenyewe. Kwa hiyo inafaa Ibn Majid apimwe kwa miswada hiyo.