SHAABAN ROBERT: KARANI ALIYEJENGA NCHI ANGANI

Wanachama wenzangu mnaikumbuka rabsha iliyozuka mkutanoni muhula uliopita. Fedha za chama zilitosha kununua nakala chache za kitabu kimoja tu, nami kwa kuwa ndimi mtunza maktaba, nikaombwa nipendekeze. Nikasimama nikataja Kusadikika. Lo! Ungedhani nimetukana. Kaka mmoja wa Kidato cha Nne akauliza kama sisi ni watoto wa chekechea wa kusimuliwa habari za nchi inayoelea hewani. Dada mmoja naye akasema kama ni mambo ya angani, afadhali filamu za Wamarekani, kwani huko angalau kuna vyombo vya kuruka na silaha za miale. Wengine wakang'ang'ania riwaya za upelelezi. Mwalimu mlezi wetu akaona maji yamezidi unga, akaliahirisha jambo hadi muhula ujao.

Basi nimeomba nafasi katika jarida letu nijitetee. Sitajitetea kwa kelele. Nitawasimulia maisha ya mwenye kitabu, kisha mpime wenyewe.

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipopelekwa shuleni Dar es Salaam mwaka 1922, wenye nchi walikuwa wamebadilika, sasa ni Waingereza. Alisoma huko hadi 1926, akapata cheti chake akiwa wa pili kati ya watahiniwa 11 waliofaulu. Masomo ya darasani yakaishia hapo. Hakuonja chuo kikuu hata siku moja! Mimi nilipolijua hilo nilishangaa, maana nilidhani mtu anayeitwa gwiji wa Kiswahili lazima awe na shahada kichwa hadi miguu.

Kazi yake ilikuwa ukarani. Aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia hadi 1944, akihamishwa kituo hiki hadi kile. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya wilaya mjini Tanga, na mwishowe katika idara ya upimaji wa ardhi hadi mwaka 1960. Sasa tafakari, mwenzangu. Karani wa serikali ya kikoloni ni mtu wa namna gani? Ni mtu anayeandika kile alichoambiwa aandike. Barua ikija anaipokea, amri ikitoka anainakili. Maoni yake mwenyewe hayaulizwi.

Nyumbani nako hakukukosa majonzi. Mkewe Amina alifariki mapema, naye akamtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo wapenzi wa ushairi hulisoma kwa huzuni. Binti yake alimwandikia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, kama mzazi anayewaachia watoto urithi wa maneno. Kwa jumla aliandika vitabu zaidi ya 20: mashairi, insha, wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, na habari za maisha yake mwenyewe. Lakini mimi leo nimeshikilia vile vya nchi zisizokuwapo, kwa sababu ndivyo vilivyonitia matatani.

Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Ni nchi iliyo angani. Kijana aitwaye Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme na baraza lake. Kosa lake? Ati amewafundisha watu elimu ya sheria! Karama hajitetei kwa kulia wala kwa kuomba radhi. Anawasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na nchi hiyo hiyo: mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja juu mbinguni na mmoja chini ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akajifunza mema ya kwao, akarudi na ushauri. Na kila mmoja alipofika nyumbani malipo yake yakawa kifungo.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika koo. Nitawaambia jambo ambalo sijalisema mkutanoni. Katika shule niliyosomea msingi, ambayo siitaji, paa la darasa letu lilikuwa likivuja. Mvua ikinyesha tulikuwa tukiandika huku tumefunika madaftari kwa mikono. Tukamchagua mwenzetu mmoja mpole aende ofisini akatusemee. Alirudi akaambiwa apige magoti uwanjani mpaka kengele ya mwisho, kwa kosa la uchochezi. Mimi ndiye niliyemsukuma aende. Na mimi ndiye niliyekaa dirishani nikamtazama, kimya. Nilipofika kwa wale wajumbe sita, nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilidhani nasoma habari za angani, kumbe nasoma habari zetu.

Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza, na mwandishi alikuwa akila mshahara wao. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama lawama kwa utawala wa aina hiyo. Mimi naona hivi: laiti karani yule angeandika kwamba watu wa Tanga hawasikilizwi, pengine asingemaliza mwezi kazini. Akaipandisha nchi juu mawinguni, akawapa watu majina ya tabia zao, akasema yote. Nani angemkamata kwa kuitukana nchi isiyokuwapo kwenye ramani?

Kwa dada yangu mpenda vyombo vya angani, nina neno. Wasovieti walirusha setilaiti yao ya kwanza, Sputnik, mwaka 1957. Yuri Gagarin akaizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961. Karani wetu alikuwa ameshapeleka baraza zima angani, pamoja na mfalme na mahabusu, miaka 6 kabla ya Sputnik. Sisemi alikuwa mtabiri, na humo ndani hakuna mtambo wala fundi wake. Riwaya ya kisayansi huuliza binadamu ataweza nini akiwa na chombo kipya. Ya njozi, kama hii, huuliza binadamu ni nani hasa, ukimtoa mahali ulipomzoea.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nitataja na kasoro. Hotuba za Karama ni ndefu, na mara nyingine unatamani mtu akohoe barazani upate kupumzika. Majina nayo hufichua siri. Ukikutana na mtu aitwaye Majivuno, huhitaji upelelezi kumjua mbaya ni nani. Wanaopenda fumbo la nani kamuua nani hawatalipata hapo.

Hao nawashauri waanze na Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Adili anatawala sehemu moja ya nchi ya mfalme Rai. Mjumbe wa mfalme anafika kwa shughuli za kodi, na usiku anachungulia akaona ajabu: Adili, mtu mwema anayesifiwa na wote, anawapiga manyani wawili kwa mjeledi. Kwa nini? Mimi nilisoma kwa tochi chini ya blanketi mpaka nikajua. Humo mna jini aitwaye Huria, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, mna bahari na usaliti wa ndugu wa damu. Aliyewahi kusikia ngano za Alfu Lela U Lela atajiona yuko kwao. Mwisho wake siusemi ng'o.

Cha tatu ni Kufikirika, na hiki nakipendekeza kwa watakaokuwa wameshazoea vile viwili. Mfalme mwenye kila kitu hana mtoto, na waganga wa kila namna wanaitwa wajaribu bahati. Kinakwenda polepole kama mkokoteni wenye mzigo, lakini kwa anayependa kubishana juu ya elimu na ushirikina, ni shamba la hoja. Kinachonisikitisha ni hiki: kiliandikwa mwaka 1946, kikachapishwa 1967. Mwenyewe hakukiona.

Kwani Shaaban Robert aliaga dunia mwezi wa Juni mwaka 1962, akazikwa Machui, huko huko Tanga kwao. Alikuwa na umri wa miaka 53. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, yaani aliionja nchi huru kwa muda wa miezi sita hivi. Mtu aliyekaa miaka mingi akiwaza nchi inayowasikiliza wajumbe wake, alipewa miezi sita ya kuitazama ikianza.

Njia aliyoifyeka haikuota nyasi. Hapa kwetu Kenya, Katama Mkangi alituandikia Walenisi mwaka 1995, akampeleka mhusika wake katika ulimwengu mgeni ambao jina lake ukilikata vipande linakuambia wale ni sisi. Mwaka 2002 Kyallo Wamitila akatoa Bina-Adamu!, safari nyingine ya ajabu. Tukimaliza cha karani, tunaweza kuendelea na hivyo, Mungu akitujalia fedha.

Wenzangu, sina ugomvi na anayetaka riwaya ya upelelezi, na filamu pia nazitazama. Ninachokataa ni kauli kwamba hadithi ya nchi isiyokuwapo ni mchezo wa watoto. Mtoto angeniambia nicheke. Kitabu kile kiliniambia nimtafute yule mwenzangu aliyepiga magoti, nami likizo iliyopita nilikwenda kwao nikamwomba msamaha. Aliniambia alikwisha kusahau. Sikumwamini, lakini alinikaribisha chai, tukakaa mpaka jioni.

Kura itapigwa muhula ujao. Nakala yangu ya Kusadikika, iliyochakaa jalada, nimeiacha katika kabati la chama. Yeyote na aiazime kabla ya siku hiyo, asome walau habari za mjumbe mmoja, halafu aje mkutanoni tubishane. Tafadhali airudishe. Wasalaam.