Carter G. Woodson: Mwalimu aliyeingia sekondari akiwa na karibu miaka 20

UMEFIKISHA miaka 20 na bado unahangaika kutafuta karo? Usijione umeachwa na gari. Hebu sikia stori ya Mwalimu Carter G. Woodson.

Woodson alizaliwa Desemba 1875 huko New Canton, jimbo la Virginia, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa kabla utumwa haujapigwa marufuku mwaka wa 1865. Baba yake hakujua kusoma, hivyo kijana ndiye aliyemsomea gazeti. Shule nayo ilifunguliwa miezi michache tu kwa mwaka. Muda uliobaki, shamba lilimngoja.

Alipokua akaenda West Virginia kuchimba makaa ya mawe. Huko alikuwepo mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, mzee aliyepigana katika vita vilivyomaliza utumwa. Jones hakujua kusoma, lakini nyumbani kwake kulikuwa na vitabu na magazeti, na jioni wachimbaji weusi walikusanyika hapo kupiga gumzo. Woodson akawa msomaji wao. Malipo? Matunda na aiskrimu! Ila alichofaidi zaidi ni masimulizi ya wazee wale kuhusu vita na maisha yao. Mambo hayo hayakuwa kwenye kitabu chochote cha shule.

Mwaka wa 1895, akiwa tayari jamaa wa karibu miaka 20, aliingia shule ya upili ya Douglass mjini Huntington. Akaimaliza kwa miaka miwili. Na unajua nini? Mwaka wa 1900 alirudi pale pale akiwa mwalimu mkuu.

Kuanzia 1903 alifundisha Ufilipino, iliyokuwa koloni la Marekani. Watoto huko walipewa vitabu vya Kimarekani vyenye matunda wasiyowahi kuyaonja na mashujaa wasiowajua. Woodson akaona kwamba mwalimu anayefaulu ni yule anayeanza na kile mtoto anachokijua.

Aliporudi kwao akaongeza masomo, na mwaka wa 1912 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu mweusi wa kwanza kuipata pale katika historia alikuwa W.E.B. Du Bois, Woodson akawa wa pili. Wakati huo alikuwa akifundisha shule ya upili jijini Washington.

Lakini shahada haikumtuliza. Wasomi wengi wa enzi hiyo waliandika kana kwamba mtu mweusi hakuwahi kufanya lolote la maana. Woodson alijua ubaya wa jambo hilo: mtoto akiambiwa kila siku kwamba watu wake si kitu, mwishowe ataamini. Basi mwaka wa 1915 akaanzisha chama cha kutafiti historia ya watu weusi, na 1916 jarida lake, ambalo lingalipo hadi leo. Mwaka wa 1926 akaanzisha wiki ya historia hiyo kila Februari. Shule zikaitisha picha na vifaa vya kufundishia, na mwaka wa 1937 akawaanzishia walimu jarida lao.

Hakuoa. Aliishi orofa ya juu ya ofisi yake mjini Washington, na aliwasukuma vijana aliowaajiri kama alivyojisukuma mwenyewe. Mmoja wao alikuwa Langston Hughes, mwaka wa 1925, kabla hajavuma kwa mashairi. Kazi yake ilikuwa kupanga maelfu ya majina ya watu weusi waliokuwa huru enzi za utumwa, hadi macho yakamuuma akaacha. Siku moja mzee alirudi safarini ghafla akawapata wafanyakazi wakicheza karata. Hakumfuta mtu. Aliwaita ofisini, akawaeleza kwa utulivu wanadaiwa nini na kazi ile na watu wao.

Woodson alifariki Aprili 3, 1950. Mwaka wa 1976 ile wiki ikawa mwezi mzima.

Sasa wewe. Nyanya au babu yako ana mambo mangapi ambayo hayajaandikwa popote? Simu unayo, na ina kinasa sauti. Woodson alianza kwa kuwasikiliza wazee baada ya kazi. Ukienda ushago likizo hii, keti naye, umuulize, na urekodi.