Tippu Tip: funzo kwa wanaoshirikiana biashara

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wa Muze, na wote mnaounga mitaji kwa mpunga au samaki wa Ziwa Rukwa: mmelisikia jina la Tippu Tip, ambaye misafara yake ilipita Ufipa. Jina lake ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyezaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1837.

Mtaji wake mkubwa ulikuwa kuaminiwa. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja ambaye hakuwa wa madhehebu yake, alimkopesha bidhaa. Hamed aliondoka mnamo 1870 na hakurudi hadi 1882. Mkopeshaji alisubiri miaka 12. Huko bara alifanya kazi na nduguye Muhammad bin Masud, Bwana Nzige na Rumaliza, kila mmoja na sehemu yake. Hamed alikuwa mpole wa maneno, msikivu, mkarimu kwa wageni. David Livingstone alipokutana naye mwaka 1867 alisaidiwa.

Lakini tusimpambe. Pembe zile zilipatikana pia kwa vita, na watu walitekwa wakafanywa watumwa. Aliyewasikiliza matajiri hakuwasikiliza waliobeba mizigo. Hiyo ni dhulma, na upole kwa mshirika hauifuti.

Hata upole huo haukutosha. Baada ya kurudi Unguja moja kwa moja, Rumaliza alimshtaki kwa Wajerumani juu ya mali ya ushirika. Watu waliokula pamoja safarini wakabishana mbele ya hakimu. Hamed alifariki Unguja mwaka 1905.

Basi tuzingatie mambo matatu. Kwanza, andikeni mapatano na mshuhudize, kila mtu na fungu lake, kama Suratul Baqara inavyotuamrisha katika deni. Kuandika si kumshuku ndugu, ni kuuhifadhi udugu. Pili, mshirika akinuna, muulizeni mapema na faraghani, kabla donge halijawa kesi. Tatu, mbeba magunia na mvuta nyavu walipwe haki yao kabla hamjagawana faida, kwani nao ni katika kundi lenu.

Allah atujaalie uaminifu katika mali zetu na upole katika nyoyo zetu. Amin. Wallahu a'lam.