Booker T. Washington, Mtafuta Walimu

1. Mtoto wa Mtumwa

Huko Marekani, katika jimbo la Virginia, alizaliwa mtoto mwanamume yapata mwaka 1856, katika kibanda cha miti kisichokuwa na sakafu ila udongo. Mama yake, Jane, alikuwa mtumwa na mpishi wa bwana wao. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa, kwa maana katika nchi ile watumwa walihesabiwa pamoja na farasi na majembe. Mwaka 1861 bwana wao alikufa, mali yake yote ikaandikwa, na mtoto Booker akatiwa katika hesabu hiyo kwa thamani ya dola 400.

Katika siku zile Booker aliijua shule kwa mlango wake tu. Mara kwa mara alitumwa kumchukulia vitabu binti wa bwana wake, akafika mlangoni, akawaona watoto wamekaa wakisoma, kisha akarudi kazini. Tangu hapo akatamani kusoma kuliko kitu kingine cho chote.

Mwaka 1865 vita vya Marekani vilikwisha na watumwa wote wakapata uhuru. Jane akawachukua watoto wake wakavuka milima mpaka Malden, katika jimbo la West Virginia, ambako mumewe alifanya kazi ya kupika chumvi. Booker naye akatiwa katika kazi hiyo. Alama za kwanza alizojua kusoma zilikuwa tarakimu 18, kwa kuwa mapipa ya baba yake wa kambo yalitiwa alama hiyo. Mama yake hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alimtafutia kitabu cha alfabeti. Shule ilipofunguliwa, kijana aliamka usiku, akafanya kazi mpaka saa tatu ya asubuhi, ndipo akaenda kusoma. Mwalimu alipouliza majina, Booker aliona wenziwe wana majina mawili naye ana moja tu. Basi alipofikiwa zamu yake akajipa jina la Washington, na jina hilo likawa lake mpaka kufa.

2. Mtihani wa Ufagio

Siku moja, katika machimbo ya makaa ya mawe, aliwasikia watu wawili wakizungumza habari za shule kubwa ya watu weusi iliyoko Hampton, pwani ya Virginia, ambako maskini aweza kulipia chakula chake kwa kazi ya mikono. Booker hakujua Hampton iko upande gani, lakini toka siku ile aliazimu kwenda. Kwanza alifanya kazi nyumbani kwa mama mmoja wa Kizungu, Viola Ruffner, aliyesifika kwa ukali. Vijana wengi walimkimbia. Booker alikaa, akajifunza kwake kwamba kazi hufanywa mpaka mwisho, na kwamba takataka iliyofichwa nyuma ya mlango ni takataka vile vile.

Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, alishika njia. Safari ilikuwa ya maili 500 hivi, na fedha zake zikamwishia njiani. Akaenda kwa miguu, na pengine kwa kuomba nafasi katika magari ya watu. Katika mji wa Richmond alilala usiku chini ya njia ya mbao ya waendao kwa miguu, na mchana akapakua chuma katika meli ili apate chakula. Alipofika Hampton alikuwa amebakiwa na senti 50, na nguo zake zilikuwa chafu kwa safari.

Mwalimu mkuu wa kike, Mary Mackie, alimtazama asimkubali wala asimkatae. Saa zikapita, wengine wakaandikwa, yeye akingoja. Mwishowe mwalimu akamwambia achukue ufagio, akafagie chumba kimoja cha darasa. Booker alitambua kwamba huo ndio mtihani wake. Akakifagia chumba mara tatu, akapangusa meza, mabao na kuta mara nne, akasogeza kila kitu na kusafisha pembe zote. Mwalimu akaja, akachukua leso yake akaipitisha juu ya mbao asione vumbi. Ndipo akamkubali, akampa na kazi ya kutunza vyumba ili alipie chakula chake.

3. Mwalimu Mpya

Mwaka 1875 alimaliza masomo yake, akarudi Malden kuwa mwalimu. Kazi ilianza saa mbili ya asubuhi, na mara nyingi haikwisha kabla ya saa nne ya usiku. Mchana alifundisha watoto, usiku aliwafundisha wazazi wao waliotoka kazini, na Jumapili alikuwa na shule mbili. Aliwafundisha kusoma na kuhesabu, na pamoja na hayo kuoga, kuchana nywele, kusugua meno na kushona kifungo kilichokatika.

Tena alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Alichagua vijana wanne wenye bidii, pamoja na ndugu zake wawili, akawafundisha kwa nguvu ili waweze kuingia Hampton. Walipofika huko, walimu waliona kwamba wametengenezwa vizuri hata wakatiwa katika madarasa ya juu. Wakauliza ni nani aliyewafundisha. Hivyo mwaka 1879 mkuu wa Hampton, Jenerali Samuel Armstrong, alimwita Booker arudi awe mwalimu pale. Hakuleta cheti kingine cha kumsifu, kwani wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kumsemea.

4. Shule Isiyo na Nyumba

Mwaka 1881 barua ilimfikia Armstrong kutoka mji wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Serikali ya jimbo hilo ilikuwa imekubali kutoa dola 2,000 kila mwaka kwa mishahara ya walimu katika shule ya kufundisha walimu weusi. Wenye barua walitaka mtu wa kuiongoza, na walidhani bila shaka atakuwa Mzungu. Armstrong akajibu kwamba Mzungu wa kazi ile hanaye, lakini anaye Booker Washington. Baada ya siku chache simu ya maandishi ikaja kwamba aende. Alikuwa na miaka 25 hivi.

Alipofika Tuskegee akatafuta shule, asiione. Zile dola zilikuwa za mishahara tu. Kiwanja hakikuwapo, wala nyumba, wala ubao. Mtu mwingine angaliandika barua ya kulalamika. Yeye aliona kwamba kwanza yampasa kuwajua wale aliotumwa kuwafundisha. Muda wa mwezi mmoja alizunguka vijijini kwa gari la nyumbu, akala na watu na kulala katika vibanda vyao. Katika nyumba moja aliona kinanda cha dola 60 kinacholipiwa kidogo kidogo, na mezani palikuwa na uma mmoja kwa watu watano. Katika shule moja aliona watoto watano wakisoma kitabu kimoja: wawili walikishika mbele, wawili wakachungulia mabegani mwao, na mdogo wa tano akachungulia nyuma ya wote. Shule zilifunguliwa miezi mitatu hata mitano tu katika mwaka, na walimu wenyewe walijua kidogo.

Tarehe 4 Julai 1881 alifungua shule yake katika kibanda kibovu karibu na kanisa, akiwa mwalimu peke yake, na wanafunzi 30. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha masomo akamshikia mwalimu mwavuli. Wengi katika hao 30 walikuwa walimu tayari, na baadhi yao walikaribia miaka 40. Wengine walikuja pamoja na watoto waliowafundisha wenyewe. Walipopimwa, mara kadha wa kadha mtoto alitiwa katika darasa la juu kuliko mwalimu wake! Hata hivyo walimu hao hawakurudi nyumbani, bali walikaa chini wakajifunza.

Baada ya juma sita alikuja mwalimu wa pili, Olivia Davidson, mwanamke mwenye elimu na moyo wa huruma, ambaye baadaye aliolewa na Booker. Hao wawili walinunua shamba la ekari 100 kwa dola 500, nusu ya fedha hizo zikiwa za kukopa. Banda la farasi na banda la kuku yakasafishwa yakawa madarasa. Watu wa mji walichanga walichokuwa nacho. Siku moja alikuja bibi kizee aliyekuwa mtumwa zamani, amevaa matambara safi, anatembea kwa mkongojo, akatoa mayai sita kuwa mchango wake.

Lakini wanafunzi walipoambiwa wafyeke pori, wengi walinung'unika. Walidhani kwamba mtu hutafuta elimu ili aache jembe, na waliokuwa walimu waliona aibu zaidi. Booker hakubishana nao. Alichukua shoka akatangulia mwenyewe msituni, nao walipoona kwamba mkuu wao haoni haya, wakamfuata. Halafu wakaanza kufanya matofali. Tanuru la kwanza liliharibika, na la pili, na la tatu, na fedha zikaisha. Walimu wakamshauri aache. Yeye akaenda mji wa Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15, akarudi kujaribu mara ya nne. Safari hii matofali yakaiva vema, na Wazungu wa jirani ambao hawakuipenda shule wakaja kuyanunua. Ile saa hakuikomboa tena.

5. Kuchagua Watenda Kazi

Shule ilipokua, kazi kubwa ya Booker ikawa kutafuta walimu. Mishahara ya Tuskegee haikuwa mikubwa, na mtu mweusi katika Alabama alikaa kwa hatari, maana siku zile wengi waliuawa na makundi ya watu bila hukumu. Walakini Booker aliandika barua kila upande akiwaita watu weusi wenye elimu ya juu. Alitaka vijana waone kwa macho kwamba mtu wa rangi yao aweza kuchora ramani ya nyumba na kuusimamia ujenzi wake. Kwa hiyo alimpata Robert Taylor, mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts, naye akajenga nyumba nyingi za Tuskegee akishirikiana na wanafunzi.

Mwaka 1896 alimwita George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani kama yeye, na ambaye alikuwa akifundisha elimu ya mimea katika chuo cha kilimo cha Iowa. Carver aliacha kazi ile nzuri, akakaa Tuskegee mpaka alipokufa mwaka 1943, akiwafundisha wakulima kupanda kunde, karanga na viazi vitamu katika udongo uliochoshwa na pamba. Hata hivyo hao wawili hawakupatana sikuzote. Carver alipenda uchunguzi wake kuliko hesabu za mabanda ya kuku, na Booker alimkemea mara nyingi kwa barua. Kumpata mwalimu bora ni jambo moja, na kukaa naye ni jingine lenye kudai saburi.

Si wote aliowaita waliokuja. Mwaka 1894 alimwita kijana mwenye elimu nyingi, W. E. B. Du Bois, afundishe hesabu, lakini Du Bois alikuwa amekwisha kuahidi kazi mahali pengine. Miaka tisa baadaye Du Bois aliandika kitabu akimlaumu Booker kwamba anawahimiza watu weusi washike kazi za mikono na kunyamaza juu ya haki yao ya kupiga kura. Lawama hiyo ilikuwa na nguvu, na mpaka leo wenye elimu huibishania. Booker hadharani alisema kwa upole mno juu ya dhuluma, ingawa kwa siri alitoa fedha kuwalipa mawakili walioipinga sheria hiyo mbaya mahakamani.

6. Mavuno

Booker T. Washington alikufa Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915, amechoka kwa kazi. Shule iliyoanza na mwalimu mmoja na wanafunzi 30 ilikuwa na wanafunzi wapata 1,500, walimu na watenda kazi karibu 200, na majengo zaidi ya 100. Walimu waliotoka humo walienea katika vijiji vya kusini mwa Marekani.

Hata Afrika ya Mashariki ilipata kitu katika mavuno hayo. Mwaka 1907 Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi, akamwamini Booker na mkuu wa Hampton wamsaidie kuchagua watunzaji wa fedha hizo. Kwazo waliajiriwa walimu wa kuzunguka, waendao shule hata shule wakiwasaidia wenzao. Kwa mfano huo ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1925, ambayo iliwafundisha walimu Waafrika pamoja na wake zao kazi ya kuzisaidia shule za vijijini.

Mtu huyu alipokewa shuleni kwa kufagia chumba ambacho hakuna aliyemsimamia akikifagia. Alipokuwa mkuu, naye alijua la kutazama: alimpima mtu kwa kazi ya mikono yake wakati anapodhani haonwi. Kwa hiyo kijana atakaye kuwa mwalimu na asingoje siku ya kuitwa. Kwa namna anavyofanya kazi ndogo ya leo, amekwisha kuanza kuchaguliwa.